Ilani: Familia ya Bronzi kwa Mji wa Bunia



Sisi wachongaji, waashi, walimu na akina mama wa soko tumeungana kudai jambo moja: sanamu za bronzi za familia ya kawaida, zisimamishwe mahali ambapo kila mtu hupita.

Nchi hii imezoea kuwasimamishia sanamu wakubwa. Leopold II alirudishwa barabarani Kinshasa Februari 2005, akaondolewa upesi kuliko alivyokuja. Goma walifikiri vizuri zaidi: kwenye mzunguko wao amesimama msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mtu asiye na cheo. Na Kampala, mwaka 1962, Gregory Maloba aliuchonga uhuru kuwa mama anayemwinua mtoto.

Hatuitaki ile familia ya mabango ya zahanati, baba, mama na watoto wawili wanaocheka. Vita vya Mei 2003 vilitawanya watu mjini humu, na tangu 2018 wakimbizi wa Djugu wamelala chini ya mahema hapa hapa kwetu. Familia ya Bunia mara nyingi ni bibi na wajukuu, pamoja na mtoto wa jirani aliyekuja kulala siku moja akabaki. Kwa hiyo sanamu ya kwanza ni bibi. Kichwani ana godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kitenge. Mkono mmoja umebeba bidoni. Wa pili umeng'ang'aniwa na watoto wawili, kila mmoja na kidole chake. Awe Mhema, Mlendu, Mbira au Mualur, anayepita aseme: huyu ni bibi yangu.

Asimame chini, bila jukwaa, mtoto aweze kumshika. Bronzi hung'aa inaposhikwashikwa. Saruji hupasuka, na kila msimu wa kampeni hupakwa rangi mpya. Jina la mheshimiwa aliyechangia halitaandikwa popote, hata akilipa yote.

Shaba ya Lualaba na bati la Bisie, kule Walikale, huondoka nchini kwa malori. Changanya takriban sehemu tisa za shaba na moja ya bati, umepata bronzi. Umbo hufinyangwa kwa nta, likafunikwa udongo, likachomwa. Nta ikishatoka, bronzi iliyoyeyuka humiminwa mahali pake. Nta ya nyuki ipo Mambasa. Na ufundi upo: marehemu Alfred Liyolo wa Bolobo aliishi kwa kazi hiyo hadi 2019.

Wapo waliotaka tuyeyushe maganda ya risasi. Tumekataa. Ganda ni shaba na zinki, si bronzi. Tena bibi huyu ameshakimbia risasi za kutosha, hatumtii nyingine mwilini.

Kwa meya tunaomba kiwanja kidogo kando ya bulvadi ya Libération, chenye hati. Kwa vijana, mikono. Kwa wengine wote, shaba: mabomba makuukuu, koili za mota zilizoungua. Nyaya za umeme zilizokatwa usiku hatupokei.