Nyumba Ipimwe kwa Watu Wake

Mwezi wa Mei 2025, Rais William Ruto alipokabidhi funguo za nyumba za kwanza za mradi wa Mukuru, jijini Nairobi, serikali ilijibu kwa vitendo suala ambalo miji yetu imelikwepa kwa miaka mingi, nalo ni hili: nyumba mpya yaweza kuwa ndogo kiasi gani na bado ikastahili kuitwa makao ya binadamu? Jawabu lililotolewa kwa aliye chini kabisa ni mita 20 za mraba, jiko na msala vikiwa humo humo, kwa malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Naliona jawabu hilo kuwa ni kosa kubwa, na nalisema nikiwa Juja, ambako athari zake hazitakawia kufika.

Juja ni mji uliokua kwa vyumba. Tangu chuo kilichoanzishwa hapa mwaka 1981 kupewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 1994, na hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012, mashamba ya kahawa na mkonge yamekatwakatwa ploti za futi hamsini kwa mia, na juu yake, mtaani Gachororo na upande wa Geti C ya chuo hicho, yamepanda maghorofa ya bedsita zilizokadiriwa kwa mwanafunzi mmoja, kitanda chake na meza yake. Lakini mji haukai wanafunzi peke yao. Katika vyumba vile vile sasa wamo fundi wa mjengo na mkewe na watoto wao, pazia likiwa ndilo ukuta baina ya wazazi na wana, na mtoto wa darasa la saba akisubiri wenziwe walale ndipo apate mahali pa kufungulia daftari.

Wako wasemao kwamba chumba kidogo chenye maji ni bora kuliko kibanda cha mabati, na kwamba kima cha chini kikipandishwa, kodi nayo itapanda. La kwanza ni kweli, na halijibu lolote, maadamu hatukujenga kwa fedha ya umma ili tuushinde ubaya wa kibanda tu. La pili lina uzito kwa mwenye ploti anayejenga kwa mkopo wa benki. Kwa serikali inayojenga juu ya ardhi ya umma kwa ushuru wa raia, uzito huo ni haba.

Lililo zito kuliko yote ni kipimo chenyewe. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 humpanga mwananchi kwa kipato chake: apataye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ana daraja lake, na apataye kati ya 20,000 na 149,000 ana lake. Huko Mukuru nyumba ya mita 20 imewekewa bei ya shilingi 640,000, ya mita 30 shilingi 960,000, na ya mita 40 shilingi 1,280,000. Ukigawa utaona kila mita ni shilingi 32,000 sawasawa, kama kitambaa kinachokatwa dukani, na katika hesabu yote hiyo hapana mahali palipoulizwa ni nafsi ngapi zitakazolala humo. Mama mwenye watoto wanne, mwenye kuishi kwa ujira wa kufulia watu nguo, ataishia kwenye mita 20 kwa kuwa ndizo anazozimudu, ilhali kapera mwenye mshahara mnono atapata maradufu. Kadiri aila ilivyo kubwa na kipato kilivyo haba, ndivyo faragha, siha na staha zinavyopunguzwa kwa mujibu wa orodha ya bei. Insafu iko wapi hapo?

Tena tumekwisha kuyapitia haya. Serikali ya kikoloni ilimhesabia mfanyakazi Mwafrika wa Nairobi nafasi ya kitanda, kwa dhana kwamba mkewe na wanawe wako kijijini, na hata ujira wake ukakadiriwa kwa dhana hiyo hiyo, hata Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali hiyo kuuchunguza ujira, katika ripoti yake ya mwaka 1954, ikakiri kwamba ujira wa kapera haumtoshi mwenye aila. Maofisa wa dola ile, katikati ya Hali ya Hatari, waliliona jambo ambalo sisi, wenye katiba inayotaja haki ya makao ya kutosha katika Ibara ya 43, hatutaki kuliona! Uingereza, katika viwango vyake vya mwaka 2015, imeandika angalau mita 37 kwa mkaaji mmoja na 50 kwa wawili. Sisemi tuzinakili tarakimu hizo. Nasema wao wamehesabu watu.

Na serikali ikishatamka kwamba mita 20 zatosha, ni mwenye ploti gani wa Gachororo atakayejenga 25? Kima cha chini cha serikali ndicho kitakachokuwa kima cha juu cha mtaa.

Sheria ya mipango ya mwaka 2019 imeziachia kaunti mamlaka ya kutoa idhini ya ujenzi, kwa hiyo Kiambu, kaunti yetu sisi wa Juja, haina haja ya kungoja Nairobi. Wafanyakazi wa viwanda vya Thika na wa mashamba ya maua ya Ruiru hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba hizi, na waajiri wao hutoa kiasi kile kile; hao wana wake, waume na watoto, na ramani yoyote isiyotaja idadi ya wakaaji, na eneo la kila mmoja wao, irudishwe kwa mwenyewe bila muhuri.