Bei Iliyopunguzwa Isitufumbe Macho

Siku hizi, kuanzia Darajani hadi Chake Chake na Wete, si ajabu kukuta tangazo la simu ya fahari iliyopunguzwa bei. Kila kiwanda kinapotoa toleo jipya, lile la mwaka uliopita hushushwa bei, na wanunuzi hulikimbilia. Jambo hili lenyewe si baya. Mwananchi kupata chombo bora kwa bei anayoimudu ni neema. Hata hivyo, sisi tunauliza: je, kilichopunguzwa ni bei peke yake, au na umri wa chombo pia?

Tuchukue mfano ulio wazi. Januari 2024 kampuni ya Samsung ilitoa simu ya Galaxy S24 Ultra, ambayo bei yake ya kuanzia nchini Marekani ilikuwa dola 1,299. Ina kioo cha inchi 6.8, fremu ya titani, kalamu yake yenyewe, betri ya miliampea-saa 5,000 na kamera kuu ya pikseli milioni 200. Sifa hizo ndizo zinazopigiwa debe. Lakini sifa iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho: kampuni iliahidi kuipatia simu hiyo programu mpya na kinga za usalama kwa muda wa miaka 7, yaani hadi 2031.

Sasa tuilinganishe na dada yake, Galaxy S21 Ultra ya Januari 2021, iliyoanza kwa dola 1,199. Nayo ni simu ya fahari, na kamera yake bado inapendeza. Lakini ahadi yake ya kinga za usalama ilikuwa ya miaka 5, nayo inafikia ukingoni mwaka 2026. Zikiwekwa dukani pamoja, mnunuzi asiyeelezwa ataona tofauti ya bei tu. Hataona kwamba moja ina safari ndefu mbele yake na nyingine imekwisha kutia nanga.

Jambo hili si dogo. Simu ya leo ni mkoba wa fedha. Ndani yake mna akiba ya mvuvi, mtaji wa mama muuza samaki na siri za ofisi. Simu isiyopata tena kinga ni nyumba isiyo na komeo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme simu moja inauzwa shilingi 800,000, nayo imebakiwa na mwaka 1 wa kinga. Nyingine inauzwa shilingi 1,500,000, nayo imebakiwa na miaka 5. Ya kwanza itamgharimu mwenyewe shilingi 800,000 kwa mwaka, na ya pili shilingi 300,000. Wazee wetu walikwisha sema: rahisi ghali.

Sisi watu wa visiwani tuna tahadhari nyingine. Simu hizi hunadiwa kuwa haziingii maji, kwa alama ya IP68. Lakini kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi yaliyotulia, si kwa maji ya chumvi. Bahari yetu haimo katika ahadi hiyo, na simu iliyotumika au kufunguliwa na fundi huenda imekwisha poteza hata kinga hiyo.

Tunawakumbusha wananchi pia kwamba tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, na wengi walipata hasara. Kabla ya kutoa fedha, bonyeza *#06#, kisha linganisha namba itakayotokea na ile iliyoandikwa kwenye boksi. Uliza dhamana inatambuliwa hapa nchini au ni ya nchi nyingine. Dai risiti.

Kwa upande wa viongozi, dhima ni kubwa zaidi. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, umevilazimisha viwanda kutoa programu kwa miaka isiyopungua 5 baada ya aina ya simu kuacha kuingizwa sokoni, na kubandika lebo inayoonesha uimara wa simu na wepesi wa kuitengeneza. Hatuoni sababu ya mwananchi wa Unguja na Pemba kustahiki maelezo pungufu. Tunaziomba mamlaka zinazohusika ziwatake wauzaji waandike, kando ya bei, mwaka ambao kinga ya simu itakoma. Na ofisi za Serikali, zinaponunua simu kwa fedha za umma, ziuangalie mwaka huo kabla ya kuangalia punguzo.

Bei nafuu ni haki ya mnunuzi. Kuujua ukweli wa anachokinunua ni haki yake vilevile.