Tuwapangie Binti Zetu Mwaka wa Ufundi

Mwezi huu tunaanza na kosa letu wenyewe.

Mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kanisani, huku kati ya Kasulu na Kibondo, kiliwakusanya binti tisa waliokatisha shule kwa ajili ya mimba, tuwafundishe ushonaji. Tulikuwa na vyerehani viwili, fundi wa kujitolea, na simu yenye video za kupima, kukata na kushona. Tuliona tumepata njia rahisi. Lakini maharage yalipofika kupaliliwa, walibaki wanne. Fundi akauliza, "Wengine wako wapi?" Hatukuwa na jibu, maana hatukuwa tumeandika lolote.

Sisi tulio wauguzi tuliona aibu. Kliniki hatumwachi mtoto bila kadi. Tunampima uzito, tunaweka alama, na mstari ukishuka tunamwuliza mama kuna nini nyumbani. Huo nao ni utafiti, wala hauhitaji shahada. Binti zetu tuliwapa simu, kadi hatukuwapa.

Tukaenda nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa shambani. Wawili walisema simu ya nyumbani ni ya mume, naye huondoka nayo asubuhi. Wa nne mtoto wake alikuwa akiugua homa. Wa tano hakutaka kutoka ndani. Alikuwa mjamzito tena, akiogopa kuchekwa. Miezi miwili alikaa hivyo, nasi hatukufika.

Wenzetu, milango ipo. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shule. Kasulu na Kibondo kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, aina ya vyuo vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1975, na mpango wa Elimu Haina Mwisho katika vyuo hivyo umewapokea mama vijana pamoja na watoto wao. Simu nayo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2016 VETA na kampuni ya Airtel walianzisha VSOMO. Mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu, kisha akaenda chuo cha VETA kwa vitendo. Simu yaweza kuonyesha shati linavyokatwa, lakini mkono hujifunza kwa kushika mkasi.

Basi mwaka huu tumepanga hivi:

Kwanza, kalenda ifuate shamba. Oktoba hadi Desemba ni kupanda na kupalilia, kwa hiyo miezi hiyo ni masomo mafupi ya jioni, mara mbili kwa wiki. Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika, ndiyo miezi ya kukaa kwenye cherehani kutwa.

Pili, simu iwe ya kikundi. Fundi wetu anarekodiwa akifundisha kwa Kiswahili, na video zinahifadhiwa kwenye kadi ya simu ili zitazamwe bila bando. Kabla ya kuanza tunazungumza na mume au wazazi, wajue binti anajifunza nini. Na binti mwenyewe tunamweleza asimjibu mtu asiyemjua anayemwandikia.

Tatu, daftari. Kila binti ana ukurasa wake: siku alizofika, alichoweza kushona, na kilichomzuia. Akikosa mara mbili, mama mmoja anakwenda kwake wiki hiyo hiyo, si kumkaripia, bali kumsikiliza. Daftari hilo ni siri kama la kliniki. Kila baada ya miezi mitatu tunalisoma pamoja na fundi, na palipopungua tunabadilisha mpango kabla mwaka haujaisha.

Katika Luka 14 Bwana wetu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi tulihesabu bei ya vitambaa na vyerehani. Hatukuhesabu jembe, homa ya mtoto, wala woga wa binti aliye peke yake.

Mama mwenzetu, kama binti yako au mkamwana wako ameacha kwenda kwenye ufundi, usiseme upesi kwamba ni mvivu. Keti naye, umwulize, kisha uandike.

Yule binti wa tano alijifungua salama. Amerudi kwetu na mtoto mgongoni, na ukurasa wa kwanza wa daftari ni wake.

Mungu azibariki nyumba zenu.