Umelipia picha, lakini umenunua nini?

Mfanyabiashara anayevuka Kobero kwenda Kabanga, au Mugina kwenda Manyovu, anajua vizuri kwamba mpakani kila kitu kinaulizwa karatasi. Mzigo una hati zake, gari lina bima yake, na mwenye mzigo ana pasipoti au kibali cha kusafiria. Kitu kimoja tu kinapita bila kuulizwa, nacho ni picha iliyobandikwa juu ya mzigo huo. Mwanamke anayecheka kwenye paketi ya sabuni, mtoto mnene kwenye mfuko wa unga wa uji, Ziwa Tanganyika wakati wa machweo kwenye kalenda, bibi harusi kwenye bango la saluni: afisa wa forodha hana haja ya kujua nani alipiga, nani alilipa, wala aliyepigwa alikubali nini. Hata hivyo, kutoulizwa mpakani hakuna maana kwamba mali hiyo haina mwenyewe.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito mkubwa. Mteja aliingia studio, akakaa mbele ya pazia, akapigwa, akarudi baada ya siku chache kuchukua karatasi yake. Filamu ilibaki kwa mpiga picha, na aliyetaka nakala nyingine alirudi kwake akalipa tena. Kwa hiyo, bila mtu yeyote kusoma sheria, kila mmoja alijua mipaka yake. Leo picha ni faili ndani ya simu. Harusi iliyofanyika Buyenzi siku ya Jumamosi inaweza kuonekana Jumatano kwenye tangazo la duka la nguo Kigoma au Uvira, na hakuna aliyeiba kitu kwa macho yake mwenyewe. Mtu amemtumia mwenzake, na mwenzake akampelekea mwenye mashine ya kuchapa.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na nimeusikia mara nyingi katika mji huu wa Bujumbura. Mteja anasema: nimelipa, kwa hiyo picha ni yangu. Mpiga picha anasema: nimepiga mimi kwa kamera yangu, kwa hiyo picha ni yangu. Naye aliyepigwa, ambaye mara nyingi si mteja wala si mpiga picha, anasema: uso ni wangu. Kwa mtazamo wangu wote watatu wana sehemu ya haki, na kosa letu ni kudhani kwamba picha ina mwenyewe mmoja tu.

Haki tatu ndani ya picha moja

Tuanze na haki ya mpiga picha. Burundi ina sheria ya kulinda hakimiliki, yaani sheria nambari 1/021 ya Desemba 30, 2005, na ina ofisi inayoshughulikia mambo hayo, inayojulikana kwa herufi OBDA. Zaidi ya hapo, mwaka 2016 nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Berne, ambao ndio mkataba mkuu wa dunia wa kulinda kazi za watunzi. Rwanda ilikuwamo tangu 1984, Kenya tangu 1993, Tanzania tangu 1994, na Uganda iliingia mwaka 2022. Mkataba huo unasema mambo mawili ambayo mfanyabiashara anapaswa kuyajua. Kwanza, kazi inalindwa tangu inapotengenezwa, bila sharti la kuiandikisha popote. Pili, mtunzi wa nchi mwanachama analindwa katika nchi nyingine wanachama kama wanavyolindwa wenyeji wa huko. Maana yake ni kwamba kijana aliyepiga picha ya mitumbwi pale Rumonge anaweza kudai haki yake hata kama picha hiyo imechapwa Dar es Salaam au Nairobi.

Haki ya pili ni ya mteja, nayo ni haki ya kutumia. Mwenye kibanda sokoni Ruvumera ataielewa haraka. Anayelipia kibanda kwa mwezi ana haki kamili ya kuuza ndani yake, na hakuna wa kumfukuza kabla ya mwezi kwisha. Lakini hawezi kukiuza kibanda hicho kwa mtu mwingine, wala kukivunja ili ajenge ghorofa. Picha nayo inaweza kukodishwa hivyo hivyo, na ruhusa hiyo ndiyo inayoitwa leseni. Mtu anaweza kulipia picha itumike kwenye kadi za mwaliko peke yake, au kwenye vifungashio vya bidhaa kwa miaka miwili, au kwenye mabango ndani ya Burundi lakini si nje. Kila matumizi yanaweza kuwa na bei yake, na ndiyo maana picha ya tangazo ni ghali kuliko picha ya albamu ingawa kamera ni ile ile na kazi ni ya saa ile ile.

Haki ya tatu ni ya mwenye uso. Hii haitokani na nani alilipa wala nani alibonyeza kamera. Mtu kukubali kupigwa picha hakuna maana kwamba amekubali kuuza sabuni.

Jibu linabadilika ukivuka mpaka

Swali linalowahusu zaidi wasomaji wetu wa mipakani ni hili: kama hakuna kilichoandikwa, picha iliyoagizwa na kulipiwa ni ya nani? Jibu linategemea umesimama wapi.

Katika desturi ya sheria tuliyorithi kutoka Ubelgiji, ambayo majirani zetu wa Kongo nao waliirithi, haki huanzia kwa mtunzi, na mtazamo wa kawaida ni kwamba kumlipa peke yake hakuhamishi haki hiyo. Kenya, iliyofuata desturi ya Kiingereza, ina jibu tofauti. Sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamekubaliana vingine.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza majani ya chai kwa vifurushi vidogo. Akimwagiza mpiga picha wa Nairobi, asipoandika chochote, sheria ya kule inamwelekea yeye. Akimwagiza mpiga picha wa Bujumbura, asipoandika chochote, huenda akajikuta amenunua karatasi na faili tu, na siku atakapobadilisha kifungashio au kufungua soko jipya atatakiwa kuomba ruhusa tena. Naye mpiga picha wa Bujumbura anayepata kazi ya kampuni ya Nairobi anaweza kupoteza kila kitu bila kujua, kwa sababu alidhani ukimya unamlinda kama nyumbani.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Bidhaa zimepata njia, lakini haki iliyo juu ya kifungashio bado inasomwa kwa sheria ya kila nchi. Dawa ya tofauti hiyo imo ndani ya sheria zenyewe, kwa kuwa hata kifungu kile cha Kenya kinaheshimu makubaliano ya pande mbili. Penye makubaliano yaliyoandikwa, ukimya hautafsiriwi na mtu mwingine.

Uso una gharama

Wapo wanaodhani kwamba haki ya mwenye uso ni maneno matupu. Waangalie yaliyotokea Kenya baada ya kupitishwa sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Mwishoni mwa mwaka 2022 ofisi ya kamishna wa data ya nchi hiyo iliitoza kampuni ya simu ya Oppo faini ya shilingi milioni 5. Mlalamikaji alikuwa amesema picha yake ilitumika kwenye ukurasa wa Instagram wa kampuni bila idhini, na kampuni haikutekeleza amri ya ofisi hiyo. Septemba 2023 ofisi hiyo hiyo ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 kwa ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi uliotangaza picha ya mteja wake, na shilingi 4,550,000 kwa shule iliyotangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Uganda nayo ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mfanyabiashara wa Burundi anayepeleka mzigo katika nchi hizo asiseme kwamba hayo hayamhusu. Kalenda yenye picha ya mtu ikifika Kampala, malalamiko yatasikilizwa Kampala.

Waliorejea wanajua habari hii

Wasomaji wetu waliorejea nchini, wale tunaowaita kwa Kirundi abahungutse, wanaijua habari hii kwa njia nyingine. Mtabila, Nyarugusu na Nduta, wageni wenye kamera walikuja na kuondoka. Mama aliyesimama kwenye foleni ya maji alipigwa picha, na huenda uso wake ulipamba ripoti au bango la kuchangisha fedha katika mji wa Ulaya ambao hakupata kuusikia. Alikuwa na uwezo gani wa kukataa, wakati aliyeshika kamera alifuatana na anayegawa chakula? Mwaka 2006 CONCORD, shirikisho la mashirika ya misaada ya Ulaya, lilipitisha kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe, zinazotaka wanaopigwa picha waelewe hali yenyewe na heshima yao ilindwe. Kanuni ni nzuri, lakini si sheria, na mtu aliyerudi Makamba au Ruyigi hana pa kuuliza picha yake iko wapi.

Kuna mfano mwingine unaonifikirisha. Martina Bacigalupo, mpiga picha wa Italia aliyeishi Burundi kuanzia mwaka 2007, alikuta katika mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, picha zilizokatwa nyuso. Wateja wa studio ya Gulu Real Art walihitaji picha ndogo za kitambulisho, na ilikuwa nafuu kupiga picha ya kawaida kisha kukata uso kwa umbo la mraba na kubakiza sehemu nyingine. Mabaki hayo, yaani miili yenye suti za kuazima na mikono iliyotulia mapajani, yalikusanywa, na mwaka 2013 yakawa kitabu na maonyesho New York. Sisemi kwamba kuna aliyefanya kosa, kwani nyuso hazimo na kazi yenyewe imewafundisha wengi juu ya watu wa Gulu. Nauliza tu swali ambalo kila mwenye studio hapa mjini anapaswa kujiuliza: mteja alilipia kipande kidogo chenye uso, je, kilichobaki kilikuwa cha nani? Kisheria pengine ni cha studio. Kiungwana, mtu angependa kuulizwa.

Si mambo ya Wazungu peke yao

Najua watakaosema kwamba mikataba ya picha ni anasa ya nchi tajiri. Nawakumbusha habari ya Daniel Morel, mpiga picha wa Haiti. Januari 2010 tetemeko lilipoubomoa mji wa Port-au-Prince, aliweka picha zake kwenye mtandao. Shirika la habari la AFP lilizichukua bila ruhusa yake, na kampuni ya Getty ikazisambaza. Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini New York lilimpa haki yake, fidia ya dola milioni 1.2. Haiti si nchi tajiri. Kilichomsaidia ni kwamba aliweza kuthibitisha kazi ni yake, na hakukubali kuambiwa kwamba kilichoko kwenye intaneti ni cha bure. Somo hilo liwafikie pia wachapaji wetu, ambao mteja akitaka picha ya ng'ombe au ya ziwa huifungua Google na kuchukua ya kwanza.

Wengine watasema bei za picha zitapanda. Kwa maoni yangu, asiyehitaji haki zote asizinunue. Mwenye duka la vipodozi anayetaka bango moja kwa mwaka mmoja alipie bango moja kwa mwaka mmoja. Mwenye nia ya kutumia picha miaka kumi na nchi tatu aseme mapema, alipe ipasavyo, na asirudi baadaye kulia. Mpiga picha naye asimvizie mteja kwa kunyamaza, halafu biashara ikikua ndipo ajitokeze na madai.

Karatasi inayohitajika haizidi nusu ukurasa. Iseme nani kapiga na nani kalipa; picha itatumika kwenye nini; katika nchi zipi; kwa muda gani; kama mpiga picha anaweza kumuuzia mtu mwingine au kuionyesha kwenye ukurasa wake; jina lake litaandikwa au la; na mwisho, sahihi au dole gumba la aliyepigwa, na kama ni mtoto, la mzazi wake. Iandikwe kwa lugha ambayo wote wanaisoma. Hapa OBDA na vyama vya wafanyabiashara wangeweza kusaidia sana kwa kutoa fomu moja rahisi, kwa Kirundi na Kiswahili, inayopatikana kwenye ofisi za komini na mipakani, kwa sababu mwenye meza sokoni hawezi kumlipa wakili kwa ajili ya picha moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ni mali. Anayekwenda studio wiki hii kutengeneza tangazo lake, kabla ya kuuliza bei, aulize kwanza: nikilipa, nitaruhusiwa kufanya nini?