Nyundo, pitoni na Washana

Wadau, nipo Same, naitazama miamba ya Upare na kuwaza pitoni, yaani misumari ya chuma ambayo wapanda miamba huipigilia kwenye nyufa ili wafunge kamba. Mwaka 1972 Yvon Chouinard, mhunzi wa Marekani aliyezitengeneza na kuziuza, aliwasihi waziache kwa sababu zinaharibu mwamba. Alikuwa sahihi. Mbona basi wapo wanaozipenda hadi leo? Pitoni ikishika vizuri, mlio wake hupanda kila ukigonga. Sikio linakuhakikishia.

Mlio wa nyundo si mgeni Upare. Chuma cha Washana, wahunzi wa Ugweno, kilifika hadi Uchagani. Wenzetu wanawaenzi wahunzi wao. Sisi je? Jamani, tuwaulize wazee wangalipo.