Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda

Kila mazungumzo ya jeshi yanapozuka bwenini kwetu, hapa Kampala, hakosi mwenzetu wa kusema kwamba Uganda ndiyo mbabe wa anga ya Afrika Mashariki kwa sababu ina Sukhoi. Wengine humpigia makofi. Mimi nina ugomvi naye.

Nianze kwa kukiri lililo kweli. Ndege zetu za zamani za MiG-21 zilikuwa zimechoka. Ni aina iliyoanza kuruka miaka ya 1950, na kumpandisha rubani chombo kilichochakaa eti tunabana matumizi ni kumtoa kafara. Tena Su-30MK2 ni ndege ya kazi nyingi: hupambana na ndege za adui, hupiga shabaha za ardhini, hata meli baharini. (Bahari tunayo wapi? Tuyaache hayo.) Anayesema kwamba ndege moja ya namna hiyo huokoa gharama ya kuwa na aina tatu, hajakosea.

Lakini uzee wa ndege hautuambii tununue ipi baada yake, wala kwa kazi gani. Mwaka 2011 zilianza kuwasili Sukhoi, sita kwa jumla, ambazo pamoja na zana nyingine zilitugharimu zaidi ya dola milioni 700. Fedha zilitoka Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Wabunge waliitwa kubariki ndoa ambayo bibi harusi alikwisha kuhamia. Tukaambiwa ni za kulinda mafuta ya Bunyoro, yaliyogunduliwa mwaka 2006, ilhali tulikuwa hatujauza hata pipa moja. Mwanzoni mwa 2014 jeshi letu lilikuwa likipigana Sudan Kusini, na ndege zikishambulia waasi huko. Chombo cha kazi nyingi hakikosi kazi. Ndiyo maana kazi yake ilipaswa kujadiliwa kabla ya kulipwa.

Na adui wetu ni nani? Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule moja ya sekondari huko Mpondwe, wilayani Kasese, mwendo usiofika kilomita mbili kutoka mpaka wa Kongo. Bweni la wavulana likachomwa moto. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wadogo zetu kabisa. Wauaji hawakuja na ndege. Palihitajika askari wa doria, simu inayopokelewa, na gari lenye mafuta. Hata huko Somalia, Al-Shabaab hawana ndege. Jeshi letu lilihitaji helikopta, na Agosti 2012 tatu kati ya zilizokuwa njiani kwenda huko zilianguka Mlima Kenya.

Watasema mambo ya ulinzi ni siri. Siri kwa nani? Aina ya ndege na idadi yake ziliandikwa magazetini dunia nzima. Aliyefichwa ni mlipa kodi. Tena siri hiyo tunaijua ladha yake: helikopta za Mi-24 zilizonunuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikutwa mbovu, hata ikaundwa tume chini ya Jaji Julia Sebutinde. Kama wangeulizwa mapema, tume ingekuwa ya nini?

Sasa Sukhoi zenyewe zimepita miaka kumi. Vipuri vyake hutoka Urusi, ambayo tangu 2022 iko vitani Ukraine na imewekewa vikwazo. Haitachukua muda tutaambiwa tena kwamba zimezeeka, na picha za ndege mpya zitasambaa katika simu zetu. Mwenzangu wa bwenini atashangilia, najua. Namwomba kwanza amwulize mbunge wake mambo matatu: itafanya kazi gani, vipuri vitatoka wapi, na fedha zimeshatoka au bado.