Kuhamisha Uchafu si Kusafisha

Ndugu msomaji, kama unakaa kijiji cha pwani, unapajua mahali mto unapokutana na bahari. Maji ya hapo si baridi kabisa, wala si ya chumvi kabisa. Bahari ikijaa, maji ya chumvi hupanda mtoni. Bahari ikipwa, maji ya mto hushuka. Mahali hapo tutapaita mlango wa mto. Rufiji, Ruvu, Wami, Pangani na Ruvuma yote ni mito yenye milango yake katika pwani ya Tanzania.

Mlango wa mto ni shamba ambalo hakuna aliyelilima, lakini wengi huvuna. Kamba hutaga baharini, na watoto wao huja kukulia katika maji ya mlango wa mto, kati ya mizizi ya mikoko. Mkizi na mwatiko hukua humo. Kaa huchimba mashimo yao katika tope. Maji yakipwa, akina mama huenda kuokota chaza. Hata mvuvi anayetega mbali baharini hula matunda ya shamba hili, kwa sababu samaki wengi anaowapata walilelewa huko.

Mikoko nayo ina kazi yake. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mawimbi. Hupunguza nguvu ya maji, na tope likatua chini. Katika delta ya Rufiji kuna mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika nchi yetu.

Shamba kama hili likiharibika, ni nani atakayelipa hasara? Si yule aliyemwaga uchafu. Atakayelipa ni mvuvi, mama mwokota chaza, na mtoto anayekosa kitoweo.

Serikali zinaandika mipango ya kulinda milango ya mito. Hilo ni jambo jema. Lakini mimi nina neno moja la kusema. Mipango mingi inayoitwa ya kusafisha haikusafisha kitu. Ilihamisha uchafu kutoka mahali pamoja na kuupeleka mahali pengine. Na mahali pa mwisho pa kuupeleka huwa ni mlangoni mwa mto.

Jinsi mlango wa mto unavyokufa

Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Kinyesi, damu ya machinjioni, na mabaki ya viwanda vya vyakula yakiingia mtoni, huoza. Vitu vinavyooza hula hewa ile. Uchafu ukiwa kidogo, mto huweza kuumaliza. Uchafu ukiwa mwingi, hewa hupungua na samaki hufa au hukimbia.

Watu wengine husema, "Maji ya mto yanakwenda, uchafu utakwenda nayo baharini." Katika mlango wa mto sivyo. Bahari ikijaa huurudisha nyuma uchafu uliokuwa unaondoka. Ukienda, unarudi. Ndiyo sababu mlango wa mto huweza kuchafuka kuliko mto wenyewe.

Tena kuna uchafu usiooza. Madini kama risasi na zebaki hukaa katika tope miaka mingi. Huingia katika viumbe vya majini, na mwisho huingia katika sahani yetu.

Mto Msimbazi

Tuutazame mto mmoja wa kwetu. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe. Unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda, Dar es Salaam. Pale mlangoni ipo mikoko, katikati ya jiji.

Njiani mto huu umepokea mengi. Umepokea maji ya viwandani, maji ya machinjioni, na maji ya vyoo vya shimo vinavyofurika wakati wa mvua. Wataalamu waliopima mchicha uliolimwa kando yake wamekuta madini mazito kama risasi ndani ya majani.

Sasa sikiliza habari ya taka za jiji. Zamani taka zilimwagwa Tabata. Moshi, nzi na harufu viliwatesa wakazi. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu kulishtaki jiji. Jaji alitegemea haki ya kuishi iliyoandikwa katika Katiba, akaamua kwamba taka zisimwagwe tena pale. Wananchi wa kawaida walishinda, na ushindi huo ni wa kujivunia.

Lakini taka zilikwenda wapi? Mwaka 1991 zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, ndani ya bonde la Msimbazi lenyewe. Halafu zikapelekwa Pugu, upande ule ule mto unakotokea. Kila mara jirani mmoja alipumua, na jirani mwingine akabeba mzigo. Taka zilihama, lakini hazikupungua.

Mpango wa kulinda mabonde ya jiji ulikuwapo. Mpango Mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulitaka mabonde ya mito yasijengwe nyumba. Hata hivyo nyumba zilijengwa, kwa sababu watu walihitaji mahali pa kukaa karibu na kazi na hawakuoneshwa mahali pengine. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji. Baadhi ya walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kuunga mkono mradi wa bonde la Msimbazi kwa dola milioni 200 za Marekani. Katika mradi huo yamo daraja jipya la juu la Jangwani, kuchimba mto upitishe maji vizuri, kuwahamisha kwa malipo wakazi wa sehemu za hatari, na kuweka bustani ya wananchi. Mimi nauunga mkono. Lakini bustani nzuri huku chini haitausafisha mto ikiwa bomba la maji machafu huko juu limeachwa wazi.

Walivyofanya London

Jambo hili si letu peke yetu. Nchi tajiri nazo zilipita njia hii, na makosa yao ni shule ya bure kwetu.

Jiji la London limejengwa kando ya mto Thames. Katika karne ya 19 vinyesi vya jiji viliingia mtoni, na watu wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu cha miaka ya 1853 na 1854 kiliua watu zaidi ya 10,000 katika jiji. Mwaka 1858 wakati wa joto, mto ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa vizuri katika Bunge, maana Bunge lao liko ukingoni. Hapo ndipo walipotoa fedha haraka.

Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. Kazi yake ilikuwa bora, nayo iliokoa maisha ya watu wengi wa jiji. Lakini mifereji ile haikusafisha maji machafu. Iliyapeleka chini ya jiji, mpaka Beckton na Crossness, na kuyamwaga huko, kuelekea mlango wa mto. Jiji likapona, mlango wa mto ukaugua.

Mwaka 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na mahali hapo. Watu zaidi ya 600 walikufa katika maji yaliyojaa uchafu wa jiji. Baadaye wakaanza kutenganisha tope la kinyesi na maji. Tope hilo wakalipakia melini na kwenda kulimwaga baharini. Walifanya hivyo tangu mwaka 1887 mpaka mwaka 1998. Kumbe walihamisha tena!

Mwaka 1957 wataalamu walitangaza kwamba sehemu kubwa ya mto Thames kutoka London kwenda baharini imekufa. Samaki hawakuweza kuishi humo. Ilikuwa karibu miaka 100 tangu ile harufu ya 1858.

Dawa yake ilikuwa nini? Walipanua na kuboresha mitambo ya kusafisha maji machafu kabla ya kuyaachia mtoni. Walivibana viwanda kwa sheria. Walipima hewa iliyomo katika maji mwaka hadi mwaka. Mwaka 1974 samaki aina ya samoni alipatikana tena katika mto huo. Samaki huyo hapendi maji machafu. Kazi haikuishia hapo, kwa sababu mvua kubwa iliendelea kufurikisha mifereji ya zamani. Mwaka 2025 walikamilisha njia mpya ya maji machafu chini ya ardhi, yenye urefu wa kilometa 25.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mlango wa mto uliokufa huweza kufufuka. Pili, anayechelewa hulipa zaidi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mpango mzuri uweje?

Wapo wanaosema, "Sisi ni maskini. Tupate viwanda kwanza, usafi utafuata." Mimi sikubaliani nao. Kiwanda kinachomwaga maji machafu bure hakikupunguza gharama. Kimemtwisha mvuvi gharama yake. Kama ni lazima mtu alipe, alipe mwenye faida.

Kwa maoni yangu, mpango wa serikali wa kulinda mlango wa mto uwe na mambo manne.

La kwanza, uanzie juu ya mto. Maji ya mlangoni ni yale yale yaliyopita vijijini na mjini. Mkulima anayelima mpaka ukingoni hupeleka tope kwa mvuvi asiyemjua. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya ndani ya meta 60 za ukingo shughuli zinazoweza kuuharibu. Sheria hiyo ishikwe juu na chini ya mto, kwa tajiri na kwa maskini.

La pili, uchafu umalizwe pale unapozaliwa. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inazipa Bodi za Maji za Mabonde kazi ya kutoa vibali vya kumwaga maji yaliyotumika. Kibali kisiwe karatasi ya kufungia faili. Faini ya mwenye kuvunja sheria iwe kubwa kuliko gharama ya kusafisha maji yake. Ikiwa ndogo, ataona ni nafuu kulipa faini kila mwaka na kuendelea kumwaga.

Kumaliza uchafu kunawezekana. Katika mkonge, sehemu ndogo sana ya jani ndiyo nyuzi. Mabaki yake yamekuwa yakichafua maji ya bonde la Pangani. Huko Hale, mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Uchafu ukawa mali.

La tatu, anayehamishwa bondeni alipwe haki yake, na huko aendako pawe na maji na vyoo. Asipopata, atarudi bondeni, au atachafua mto mwingine. Hapo tutakuwa tumehamisha watu na uchafu kwa pamoja.

La nne, maji yapimwe, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji na ya kata. Mwananchi aliyejifunza kusoma anayo haki ya kusoma habari za maji anayokunywa. Mpango unaofungiwa kabatini hauna mlinzi.

Kijiji nacho kina kazi

Ndugu msomaji, tusikae kungoja serikali peke yake. Sheria ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, tena inamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Sheria hiyo hiyo inataka kijiji kiwe na kamati ya mazingira. Je, kamati ya kijiji chako inakutana? Wajumbe wake unawafahamu?

Tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Tusioshe mabomba ya dawa za pamba au mboga mtoni. Tusivue kwa sumu. Tuchimbe vyoo mbali na mto na mbali na visima. Tuache miti ukingoni. Penye mikoko, tuwazuie wanaoikata ovyo. Haba na haba hujaza kibaba, na uchafu nao hujaa hivyo hivyo.

Na siku mgeni kutoka mjini atakapokuja mkutanoni na karatasi za mpango mpya, tumpokee kwa heshima na tumsikilize mpaka mwisho. Kisha mmoja wetu asimame amwulize swali moja tu: "Ndugu, uchafu huu mnaouondoa hapa, mnaupeleka wapi?" Akijibu kwamba utamalizwa hapo hapo, tushirikiane naye. Akitaja kijiji kingine, au akisema unakwenda baharini, tumwambie arudi akapange upya.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini uchafu hukaa muda mrefu katika mlango wa mto?
2. Wakazi wa Tabata walishinda kesi yao mwaka 1988. Taka zilikwenda wapi baadaye?
3. Mifereji ya Bazalgette ilileta faida gani? Ilileta hasara gani?
4. Mto ulio karibu na kijiji chenu unaingia katika bahari gani au ziwa gani? Ni vijiji gani vinavyotumia maji yake baada yenu?
5. Mwandishi anasema faini iwe kubwa kuliko gharama ya kusafisha. Je, unakubaliana naye? Eleza sababu zako.